Bangili ya Mzee Kaveke

Kule Mraru, kwa watu waliolelewa na wawindaji, mwizi wa mitego alionekana mchafu kuliko mwizi wa aina nyingine yoyote. Aliyeiba kuku angeweza kusamehewa, ikasemwa kwamba njaa ilimshinda. Lakini aliyetia mkono katika mtego wa mwenzake na kutoa paa aliyenaswa humo, huyo jina lake halikusafishika tena. Hakualikwa kwenye mzinga wa asali, hakuitwa kushuhudia ndoa, na watoto wake waliulizwa wametoka kwa nani. Kitonga aliitwa mwizi wa mitego tangu utotoni mpaka akaota mvi, na katika maisha yake yote hakuwahi kuiba hata msumari.

Kibanda chake kilikuwa Voi, nyuma ya soko, ubavuni mwa duka la mbegu. Alitengeneza kufuli zilizogoma, mikasi ya mafundi cherehani, miavuli, na chochote chenye springi ndani yake. Alifanya kazi kwa mkono wa kushoto na meno. Mkono wa kulia ulikuwa umekakamaa kwenye kifundo, vidole vimejikunja kama tangawizi kavu, na kazi yake pekee ilikuwa kukandamiza kitu kisiteleze. Watu walimwita Mtego. Wenye maduka walimwita aje kurekebisha kufuli za milango yao, kisha wakaweka mtu wa kumchunga.

"Si eti nakushuku, Mtego," mmoja wao alimwambia huku akicheka. "Ila huo mkono uliobaki naona bado una njaa."

Kitonga naye akacheka. Alikuwa amejifunza kucheka kabla ya wengine, ili mambo yaishe upesi.

Ukweli wake ulikuwa ndani ya kopo la majani ya chai nyumbani kwa kaka yake, Mwalimu Munyoki, huko Mraru. Humo ndimo ilimokuwa bangili ya babu yao, Mzee Kaveke.

Haikuwa bangili ya kujipamba. Ilikuwa kipande kipana cha ngozi ya nyati kilichofungwa kwa kamba kwenye kifundo cha mkono, na chini yake, upande wa kiganja, mrija wa shaba usiozidi kalamu kwa unene. Ndani ya mrija mlikuwa na springi, na mbele ya springi kishale cha chuma chenye urefu wa kidole. Uzi wa mshipa wa ng'ombe ulitoka kwenye kifyatulio hadi kwenye pete iliyovaliwa kidole cha kati. Mtu akishusha mkono wa shati huwezi kujua amebeba nini. Akikunja kiganja kuelekea nyuma, uzi unavutika na kishale kinatoka kwa sauti ndogo, kama mtu anayefyonza.

Mzee Kaveke alikuwa mhunzi na mwindaji. Aliitengeneza zama zile ambapo aliyekutwa na upinde katika pori la Ndara alifungwa. Ilikuwa silaha ya karibu, ya kummalizia mnyama aliyenaswa ambaye bado anarusha mateke, na ya kujilinda na wanunuzi wa pembe waliokuja kupatana bei huku wameshika bunduki. Alipokufa aliacha vishale viwili. Kimoja kilikuwa kitupu, cha kujifunzia. Cha pili kilikuwa na sumu nyeusi, kimezungushiwa utepe wa ngozi laini ya paa. Nyumba yote ilijivunia kwamba silaha ile haikuwahi kumdunga binadamu. Wazee wa kanisa waliisifu nyumba ya Kaveke kwa hilo, na mabinti wa nyumba ile waliolewa vizuri kwa hilo.

Kitonga alikuwa bado shule ya msingi siku Munyoki alipoiteremsha bangili ile kutoka darini. Munyoki alikuwa amefaulu mtihani, na kanisa lilikuwa limeahidi kumsomesha sekondari. Wazazi walikuwa shambani.

"Shika kibuyu hicho juu," Munyoki alisema. "Usitikisike. Ukitikisika wewe ni mwanamke."

Kitonga hakutikisika. Aliyetikisika ni Munyoki, na kishale kikapita kwenye kifundo cha mkono wa mdogo wake na kutokea upande wa pili. Kilikuwa kile kitupu.

Baba yao aliporudi alikitazama kishale, akamtazama mkubwa, akamtazama mdogo. Alikuwa mtu wa maneno machache.

"Mchungaji akisikia, huyu hasomi," alisema. "Na watu wakisikia kwamba kifaa cha baba yangu kimemdunga mtu, tena ndugu kwa ndugu, nyumba hii imekwisha." Akachuchumaa mbele ya Kitonga. "Mwanangu, wewe mkono wako umeshaharibika. Acha na jina lako liende huko huko. Siwezi kuharibu watoto wawili."

Jirani yao Ndambuki alikuwa na mtego wa chuma wenye meno, ameutega kando ya korongo. Jua lilikuwa bado halijazama walipofika hapo. Baba aliikanyaga miguu ya mtego mpaka meno yakaachama. Munyoki alimkumbatia Kitonga kiunoni kwa nyuma, akamkaza. Kisha baba akauchukua mkono uliotobolewa, akauingiza katikati ya meno ya chuma, na kuondoa mguu wake.

Mtoto alipomaliza pumzi ya kulia, baba akapiga yowe la kumwita Ndambuki. Ndambuki alikuja mbio, akaona aliyenaswa ni nani, na kabla ya kuufungua mtego akamtemea mate.

Mama aliosha kidonda kwa maji ya chumvi pasipo kumwangalia mwanawe usoni. Munyoki alikwenda sekondari, akawa mwalimu, akawa mwalimu mkuu, akawa mzee wa kanisa. Akajenga nyumba ya mawe kando ya barabara ya Taveta. Kitonga hakurudi shule, maana mkono wa kuandikia ulikuwa umekwenda. Lakini mtego na bangili vilikuwa vimemfundisha kitu kimoja, jinsi springi inavyoweka nguvu na jinsi inavyoitoa, na kwa elimu hiyo alijilisha. Hakuoa. Nyumba mbili alizopiga hodi zilimpa uji, zikamuuliza habari za mtego, naye akaondoka.

Kwa hiyo Alice alipokuja kibandani na kufuli ya tangi la maji, Kitonga alikuwa ameshazoea kuishi bila kutarajia mtu. Alice alikuwa mjane wa Sagalla, mama wa Tryphena, aliyeshuka sokoni kuuza nyanya. Huko kwao mlimani maji yalikuwa haba, na tangi lisilofungwa halikupambazuka na maji.

"Fundi, ukinitengenezea vibaya, nitakunywa maji kwako," alimwambia.

"Basi nitakutengenezea vibaya, Mama Tryphena."

Alice alicheka mpaka akajishika mbavu. Kufuli ile iliharibika mara nyingi kuliko kawaida ya kufuli. Mwisho wake Kitonga alipanda Sagalla kwa bodaboda, amevaa koti, kuzungumza na kaka yake Alice, aliyeitwa Noah, shemasi wa kanisa lao na msemaji wa familia.

"Karibu uketi, fundi," Noah alisema.

"Asante, shemeji."

"Shemeji bado. Kwanza nisaidie. Nasikia huko Voi unaitwa Mtego."

"Ni utani wa watu."

"Utani wenye mkono uliovunjika." Noah hakupandisha sauti. "Mimi sina neno na umri wako wala na mfuko wako. Dada yangu ni mtu mzima. Lakini kwetu hatujawahi kumtoa binti kwa mwizi, na mimi sitakuwa wa kwanza. Tuletee mtu wa nyumba yenu, mtu mwenye heshima, aseme mbele za watu kwamba hukuiba. Akisema, nitawapeleka kanisani mimi mwenyewe."

Mtu wa nyumba yao mwenye heshima alikuwa mmoja tu.

Ikatokea kwamba wakati huo huo Munyoki naye alikuwa anamhitaji Kitonga. Mjini Voi palikuwa panafunguliwa chumba cha makumbusho, na msimamizi wake, binti mmoja aliyeitwa Daisy, alikuwa akizunguka vijijini kukusanya vitu vya kale. Aliiona bangili akashika mdomo. Alitaka kuiweka katika sanduku la kioo, na ukutani pawe na jina la Mzee Kaveke na la mjukuu wake aliyeitunza. Lakini ilipaswa kufanya kazi siku ya kukabidhiwa, na springi ilikuwa imekatika.

Munyoki alikuja kibandani mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alitandaza leso kwenye kigoda kabla ya kuketi.

"Ni kwa ajili ya jina la babu," alisema.

"Nitaitengeneza," Kitonga alijibu. "Ila siku hiyo, mbele ya watu, utasema mkono huu uliumizwa na nani. Sitaki uombe msamaha. Sema tu kwamba sikuiba."

Munyoki alivua miwani, akaipangusa.

"Ni kwa sababu ya yule mama wa nyanya?"

"Ndiyo, kaka."

"Sawa. Nitasema. Wewe ni damu yangu."

Kitonga aliikunja springi mpya kutoka kwa waya wa chuma wa pikipiki, akaichoma motoni, akaipoza kwa mafuta, akaijaribu mpaka ikamrudishia nguvu ileile. Alikisugua kishale kitupu. Cha sumu hakukifungua. Alikinusa kupitia ngozi, akakirudisha mahali pake.

Siku ilipofika, ua wa Mwalimu Munyoki huko Mraru ulijaa. Kulikuwa na hema, kwaya, muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa na maharagwe katika masufuria, na viti vya wageni vilivyovishwa vitambaa vyeupe. Alice alikuja na Noah, wakaketi safu ya mbele. Kathini, mke wa Munyoki, alipita na sinia la chai akamkagua Kitonga kutoka viatuni hadi kwenye ukosi.

"Shemeji leo umependeza. Nani amekuazima shati?"

"Ni langu, shemeji."

"Haya, Mungu ni mwema."

Munyoki alizungumza vizuri, kama alivyozungumza siku zote. Alieleza uhunzi wa babu yake na ucha Mungu wa baba yake. Aliifunga bangili mkononi, akashusha mkono wa koti, akawapungia watu kama anayewasalimu, na kishale kitupu kikachoma ubao wa mti uliokuwa umesimamishwa mbele yake. Watu waliruka, wakapiga makofi. Kitonga alisubiri.

"Na aliyeitengeneza," Munyoki alisema, "ni mdogo wangu Kitonga. Wengi mnaijua habari yake na mitego ya watu." Kicheko kikapita uani. "Lakini nyumba hii haimtupi mtu. Tulimsamehe zamani, na leo ametulipa kwa kazi nzuri. Mpigieni makofi."

Wakapiga. Noah alimgeukia dada yake, akainua mabega. Alice alikuwa anamtazama Kitonga, na Kitonga hakuweza kumtazama.

Daisy alikuwa amekishika kishale cha pili, kile kilichofungwa ngozi. "Na hiki, Mwalimu? Sumu hii bado ina nguvu?"

"Hapana, binti. Hiyo ilikufa kabla hujazaliwa. Sasa ni lami tu."

"Si lami," Kitonga alisema.

Alikuwa amesimama. Watu wakageuka, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumsikia akimpinga kaka yake.

"Sumu hii huuawa na jua na hewa," alisema. "Ikifunikwa ngozi hailali. Babu alitufundisha namna ya kuijua. Mwalimu anakumbuka." Akasogea mpaka kwenye meza ya bangili, akatoa wembe mfukoni, ule wa kukatia mpira wa miavuli. "Unajichanja hapa, chini ya kiwiko. Unaacha damu iteremke mpaka kwenye kifundo. Unaigusa kwa ncha ya kishale kule chini, mbali na jeraha. Kama sumu imekufa, damu inabaki damu. Kama iko hai, damu inageuka nyeusi, na weusi unapanda juu kuelekea ilikotoka. Kabla haujafika kwenye jeraha, ndugu yako anaufuta."

"Kwa nini ndugu?" Daisy aliuliza.

"Mwingine anaweza kuchelewa."

Watu wakacheka. Wazee wawili watatu waliokuwa wakiijua desturi ile hawakucheka. Kitonga alikwisha kuuma wembe kwa meno na kujichanja mkono wa kushoto, mkono wake mzima. Damu ikateremka mstari mmoja. Alikipokea kishale kwa Daisy, akakibana kati ya vidole vyake vilivyokunjamana, akaivua ngozi kwa meno, akaigusa damu karibu na kifundo, akakiacha kishale kidondoke mezani. Kisha akanyoosha mkono mbele ya kaka yake, na kwa ule mbovu akamsogezea kitambaa cheupe kilichokuwa mezani.

Damu iligeuka. Ilianza chini kama masizi, ikawa inapanda. Mwanamke mmoja akaita jina la Yesu.

"Iko hai," Kitonga alisema. "Kaka, kabla hujafuta, waambie uliyoahidi. Mtego wa Ndambuki niliingiaje? Nani alinishika kiunoni?"

Munyoki alikitwaa kitambaa. Alimshika mdogo wake mkono chini ya kifundo, kwa nguvu, jinsi mfutaji anavyotakiwa kushika ili mkono usitetemeke. Akavaa miwani. Akainama kama anayechunguza ule weusi kwa makini, na shavu lake likawa karibu na sikio la Kitonga.

"Sema wewe," alinong'ona. "Sema ulitia mkono mwenyewe kuiba. Kwa sauti. Ndipo nifute."

Kitonga alivuta. Mkono haukutoka. Mwenye sumu hajifuti, anajua hivyo kila aliyekulia katika nyumba kama ile, kwa sababu ukiisugua ovyo unaisukuma jerahani. Na vidole vya mkono wake mwingine havikuwa na nguvu ya kufuta. Alice aliinuka kwenye kiti.

"Mtu asimguse!" Munyoki alisema kwa ile sauti iliyowanyamazisha wanafunzi kwa maisha yake yote ya kazi. "Ni hatari. Anayefuta ni ndugu." Noah akamvuta dada yake chini.

Weusi ulikuwa umepita katikati ya mkono. Kitonga alimwangalia kaka yake machoni, akaona hakuna hasira humo, wala woga. Palikuwa na subira tu, kama ya mtu anayengoja mwanafunzi mzito alete jibu.

"Kaka," alisema kwa sauti ya chini. "Nifute."

"Sema."

Ulikuwa umebakiza upana wa vidole viwili.

"Niliiba!" Kitonga alipiga kelele. "Nilitia mkono wangu mwenyewe katika mtego wa Ndambuki. Nilikwenda kuiba. Kaka hakuwepo. Hakuna aliyenishika!"

Munyoki alifuta. Alifuta vizuri, kutoka juu kuja chini, kwa mkono thabiti, mpaka mkono ukabaki safi na kitambaa kikawa kama kilichopangusa sufuria. Akakikunja, akakitupa kwenye moto wa wapishi. Kisha akamkumbatia mdogo wake mbele ya watu wote.

"Imemchukua maisha yake kuyasema hayo," aliwaambia, na machozi yalikuwa yamemlenga kweli. "Tumshukuru Mungu kwa moyo wa toba."

Kwaya ikaanza kuimba. Wanawake walikuja mmoja mmoja kumshika Kitonga bega. Mzee mmoja alimwambia kwamba sasa angeweza kufa vizuri. Daisy aliuliza ni nani atakayekifunga tena kile kishale, na Munyoki akasema atakifunga fundi. Kitonga akapiga magoti kando ya meza akakizungushia ngozi yake, polepole, kwa mkono mmoja na meno, hali uso wake u karibu sana na ile ncha.

Noah alikuwa amekwisha kuita bodaboda pale barabarani.

"Basi, fundi," alisema alipompita. "Mimi nilitaka ushahidi wa mtu mwenye heshima. Wewe umetuletea wa kwako mwenyewe. Umetusaidia." Akaenda zake kumngoja dada yake langoni.

Alice alisimama upande wa pili wa meza.

"Nilimwona akikunong'oneza," alisema.

"Ulimwona?"

"Nilimwona. Kesho nani ataniamini mimi, na wewe umesema kwa kinywa chako? Kwa nini umesema, Kitonga?"

"Sikutaka kufa, Mama Tryphena. Nilitaka niishi, nikuoe."

Alice alijifunga kitambaa chake kichwani, akalikaza fundo.

"Basi umeishi," alisema, akaenda kupanda bodaboda nyuma ya kaka yake.